Plasta ya Siku ya Tano

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya Fundi seremala, nami huuza kahawa hapo mpaka watoto watoke shule. Alilitengeneza Fundi mwenyewe kwa mabaki ya mbao. Wanaolikalia kila siku ni Antena, mtengeneza redio, na Karani, mstaafu aliyebaki na kalamu mfukoni. Fundi ana ngiri. Daktari amekataa kumpasua mpaka akae wiki nne bila kuvuta, maana kidonda cha mvutaji hakifungi vizuri. Zahanati wakampa plasta za kubandika mwilini, moja kila siku. Nne zilipita salama. Asubuhi ya tano alikuja nayo mkononi haijafunguliwa, na mfukoni ile pakiti yake ya zamani, imebaki na sigara tatu. Antena na Karani wakachukua moja moja kama kawaida yao ya miaka yote. Kisha Antena akaichukua na plasta.

— Aa! Fundi, umesoma hapa? Imeandikwa nikotini!

— Najua.

— Unajua? Sasa umeacha nini, kama kitu chenyewe kinakuingilia mgongoni?

— Kinaingia kidogo kidogo, kinatuliza hamu. Baadaye wananipa ndogo zaidi, mpaka basi.

Karani alipuliza moshi, akakohoa.

— Nimekaa ofisini miaka thelathini. Cha bure kina fomu. Ulitia sahihi?

— Nilitia.

— Ulisoma?

— Foleni ilikuwa ndefu, mzee.

— Basi umeshauza kitu, hujui tu ni nini.

Antena akaiinua plasta juani, akafumba jicho moja.

— Usiku unaota?

— Juzi niliota napiga randa mlango wa maji.

— Si unaona! Hizo ndoto si zako, kuna mtu anazituma. Humu mna waya mwembamba kuliko unywele. Mimi mtu wa redio, hawanidanganyi.

— Ndoto za ajabu zimeandikwa kwenye kikaratasi chake, nikasema. Nimekisoma mara mbili. Zikizidi, anaibandua kabla ya kulala.

— Dada, wewe mimina kahawa.

Nikamimina.

— Na hiyo wiki ya nne, Karani akaendelea, mnadhani wanamngoja apone? Wanaingoja damu yake. Itakuwa imeshakolea.

— Damu yangu ya nini?

— Ya kutengenezea plasta nyingine!

Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa upande, mkono mmoja umebana kinena, kama anavyokaa tangu ashindwe kunyanyua mbao. Mlango wa mteja umelala karakanani wiki ya tatu sasa, hakuna wa kuuinua. Nikauona mkono wake wa pili ukiingia mfukoni, ukatoka na ile sigara ya mwisho.

— Hata mimi naanza kuona kama…

— Vuta, kaka, Antena akamwambia. Moshi angalau unauona unapoingia na unapotokea.

Alishawasha kiberiti. Hapo ndipo alipovuka barabara fundi cherehani aliyehamia juzi chumba cha mkabala, tepu shingoni.

— Habari zenu, wazee. Samahani, mimi mgeni hapa. Hizo sigara mnazovuta, mnanunua duka gani?

Karani alimtazama Antena. Antena aliitazama njiti mpaka ikamuunguza kidole.

— Duka… si hapo tu.

Karani alinyoosha kalamu kushoto, kisha kulia.

— Lile la kona? akauliza mgeni.

— Lile lilifungwa mwaka juzi, nikasema.

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anavyokagua ubao kuona umepinda wapi. Akampa mgeni ile sigara.

— Chukua. Benchi hili halina nyingine.

Kisha akakunjua kiganja mbele ya Antena.

— Plasta yangu.

Antena akairudisha. Fundi akanigeuzia mgongo, akapandisha shati.

— Nibandikie, dada. Bega la kulia, si pale pa jana.

Nikaibandika, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

— Kahawa bado ipo? Karani akauliza, akitazama chini.

— Imekwisha, nikamwambia. Birika lilikuwa nusu.