Kigingi cha Alama Nyeupe

Mwaka ule mto Lualaba ulipanda mapema. Baraza la sheferi, yaani eneo la chifu, lilisimamisha kigingi chenye alama nyeupe ukingoni mwa kila kijiji: maji yakigusa alama, watu wahamie kilimani, ambako vibanda vilikuwa tayari. Niliuona mpango mzuri sana.

Katika mtumbwi nilioupanda kwenda soko la Nyangwe, mkulima aitwaye Faradji alikuwa akizungumza na mama asiyemjua. "Juzi maji iligusa alama," alisema. "Mupunga ya serikali, ya Bula Matari, ingali mubichi, na nikiiacha nitafungwa. Nikang'oa ile muti ya alama, nikaisimamisha juu kidogo."

"Na maji, baba, uliiambia?"

"Siku ine tu, mama. Kiisha nairudisha."

"Kijiji gani?"

Akakitaja. Mama akaacha kutabasamu.

"Mama yangu Amisa anakaa pale, na miguu yake haitembei. Jana alinitumia habari nisiende kumubeba, alama ingali mbali na maji."

"Amisa ni jirani yangu," Faradji alisema polepole.

"Basi wewe na yeye munaangalia muti moja."

Mtumbwi ukagusa mchanga wa Nyangwe. Faradji alikuwa na kuku wawili wa kuuza. Hakushuka.