Bwana Afya, Ngazi na Chupa ya Maziwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bwana Afya wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Afya na Maji ya manispaa. Kwa wageni wa sherehe: Bwana Afya ni huyo mama mwenye miwani aliyekaa mbele, anayenusa glasi yake ya maji hivi sasa. Jina lilikuja na cheo, naye hakuona sababu ya kulirudisha. Mumewe, fundi cherehani, hujitambulisha kila mahali kuwa yeye ndiye mke wa Bwana Afya.

Alianza kwa kukagua majiko ya hoteli. Wapishi wakimwona tu kwenye kona, walitafuta kofia zao mbio mbio. Baadaye akakabidhiwa matangi yote ya maji ya mji, mia moja na kumi na mawili, na ngazi moja ya mbao. Ngazi imebadilishwa mara nne, yeye hakubadilika.

Lakini habari zake hazikamiliki bila ile chupa. Mwaka juzi, mama mmoja wa ofisi hii, siku ya pili tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, usingizi bado umemkalia machoni, alipeleka maabara chupa isiyo yenyewe. Sampuli ya maji ya tangi la zahanati, ile yenye wodi ya wazazi, ilibaki mkobani. Maziwa ya mtoto yakaenda kupimwa. Maabara wakapiga simu: "Jamani, maji yenu meupe na yana mafuta. Mmechota au mmekamua?"

Ofisi nzima ilicheka, karani mpaka akashika ukuta. Bwana Afya hakucheka. Alimwambia yule mama, yaani mimi, "Mwanangu, maziwa yamepimwa, ni salama. Maji je? Beba ngazi."

Alipanda mwenyewe, na goti lake bovu. Kifuniko kilikuwa kimesogea. Ndani alielea mjusi aliyekufa siku nyingi. Akafunga koki papo hapo. Muuguzi mkuu akaja juu: "Bwana Afya, wazazi wangu wataoga nini?"

"Wataoga maji, dada. Hii ni supu."

Akageuza ndoo, akaikalia mbele ya koki, na hakubanduka mpaka lori la maji lilipoingia getini. Watoto watatu walizaliwa pale wiki ile, wakaogeshwa maji safi. Lakini siku ile, lori lilipokwisha kufika, ndipo naye akacheka kisa cha maziwa, njia nzima ya kurudi ofisini. Kesho yake kila chupa ya sampuli ilifungwa uzi mwekundu, alioutoa kwenye cherehani ya mumewe. Tunaufunga hadi leo.

Bwana Afya, asante kwa kutulea bila kutudekeza. Nenda kapumzike, goti lipoe, na maji ya nyumbani kwako uyanywe bila kuyanusa kwanza. Tunakuombea miaka mingi yenye raha.

Jumatatu ni zamu ya tangi la zahanati. Ngazi nitaipanda mimi.