Mwila na Vifaranga vya Kasenga

Marehemu Mwila Agnès alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 huko Lukafu, mtoto wa tatu wa Papa Mutale, mkulima, na Mama Lydie. Anayewasomea ni mume wake, Fils Chisanga. Familia ilimpendekeza shemeji asome, nikakataa katakata. Watu wamegawana nami mke wangu vya kutosha.

Alisoma shule ya msingi Lukafu na sekondari hapa Lubumbashi, na mwaka 2006 akapata shahada ya lisanse ya biolojia. Tulifunga ndoa parokiani Kampemba tarehe 15 Agosti 2009. Katikati ya karamu bibi harusi hakuonekana. Tulimkuta uani na gauni lake, anawabadilishia samaki maji ndani ya beseni. Wageni walicheka sana, nami nikacheka ili nisionekane mjinga.

Tangu mwaka 2012 alifanya kazi Kasenga, kwenye mto Luapula, akihesabu vifaranga vya samaki kando ya matete. Aliona kwamba boti ya mashini, yaani moteur, ikipita mbio, mawimbi huwatupa wadogo mchangani. Tope nalo linapanda, na waliobaki hawaoni chakula, wanakonda. Akawaomba wenye boti wapunguze mwendo wakifika pale. Wa kwanza kukubali alikuwa Muhindo, mfanyabiashara kutoka Butembo. Mwila alimsifu mkutanoni, akaja kumsifu nyumbani, mimi nakula.

Nami nilikuwa na boti mto huohuo, niliyoipa jina la Maman Mwila. Hakuna iliyopita mbio kuishinda.

"Papa Benita," aliniambia, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "boti yako inakimbiaka sana. Maji inabatupa batoto ba samaki ku muchanga."

"Batoto ba kwako bananiulizaka mama iko wapi," nilimjibu. "Enda basi, olewa na Muhindo!"

"Muhindo anapunguzaka moteur. Weye unaongezaka wivu."

Ni kweli. Tangu siku ile nilimwagiza dereva aongeze mwendo.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024. Kitandani aliniuliza mara mbili boti inapitaje. Mara zote mbili nilimnywesha dawa, nikatoka. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, nyumbani kwetu Naviundu, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Kesho yake asubuhi nilimpigia dereva simu: "Ukifika ku matete, punguza moteur. Kila siku."

Mchana Muhindo akanipigia. "Pole, Papa Benita. Leo niliona boti yako inapita pole pole."

Nilikata simu. Jambo ambalo Mwila aliliomba miaka yote, aliyeliona ni Muhindo. Ninamwonea wivu hata sasa, hapa mbele ya jeneza, naye amekaa pale nyuma.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Benita na Mapalo, mama yake mzazi na ndugu watano.

Mungu akupumzishe, Mama Benita. Ningepunguza mashini ukiwa hai, ungeona mwenyewe.