Seva Kafungwa kwa Kosa Gani?

Kijiwe chenyewe si kikubwa, usije ukadhani. Ni benchi moja la mbao kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya makochi, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na wakishakaa watatu, wa nne anakaa nusu. Saa kumi jioni Shangazi anafika na birika lake la kahawa, anatua jiko, anapanga vikombe, na kuanzia hapo dunia nzima inatawaliwa kutoka kwenye benchi hilo. Vita, mpira, ndoa za watu, yote yanapitishwa pale. Ila kwenye habari za gemu mwenye kauli ni mmoja tu: fundi makochi mwenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, wanayemwita Levo, kwa sababu kila akimaliza jambo, hata kupigilia kitambaa cha kiti, husema, “Nimepanda levo.” Gemu gani inatoka mwezi ujao, ipi imeahirishwa kwa mara ya tatu, ipi imetoka mbovu mpaka watu wanalia, Levo anazo zote, na usipomuuliza atakwambia vilevile. Ijumaa hii alitoka karakanani na nyuzi za sponji kichwani, akakaa, akapokea kikombe, akanyamaza. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Aliyeshindwa kuvumilia ni kinyozi. Huyu wanamwita Redio, na sababu huhitaji kuambiwa.

— Levo, vipi? Leo si ndiyo siku yenyewe? Au wameahirisha tena?

— Imetoka.

— Imetoka, halafu umenuna hivyo? Miaka miwili umetutoboa masikio! Shamba la Ukingoni, sehemu ya pili, mvua inaonekana tone kwa tone, sijui ng'ombe anakumbuka nani alimkamua jana...

— Ng'ombe anakumbuka? — akadakia Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ambaye kahawa yake huinywa kwa mafunda ya kupima. — Mimi wanafunzi niliowafundisha miaka minne wananipita barabarani kama nguzo ya umeme.

Levo hakucheka. Alizungusha kikombe kiganjani.

— Jumatano walitoa tangazo, — akasema. — Ile sehemu ya kwanza hawaitaki tena. Seva zinafungwa leo saa sita usiku.

Redio akajipiga paja.

— Si nilisema! Tangu Jumatano nasema! Ulipita hapa unaongea peke yako, “seva zinafungwa Ijumaa,” nikaidaka hewani. Kila niliyemnyoa nimemwambia: jamani, Seva anafungwa.

— Seva ndiye nani? — Shangazi akauliza, birika likiwa limeinama hewani.

— Mkubwa wao kule kwenye gemu. Wamemshika.

— Maskini. Ana watoto?

— Wawili, — akajibu Redio bila hata kupepesa macho. — Mapacha.

— Kafungwa kwa kosa gani? — akauliza Mwalimu.

— Kosa halikosekani, Mwalimu. Mkubwa akifungwa ujue amekula. Mteja wangu mmoja jana kasikitika mpaka nikamkata ndevu upande. Kasema Seva kaonewa, kuna watu wako juu yake.

Hapo Levo, pamoja na uzito wote aliokuja nao, akajikuta anatabasamu bila kupenda.

— Redio, Seva si mtu. Ni mashine. Makompyuta makubwa yako huko kwao, ndiyo yanayolishika lile shamba tunalocheza. Wakiyafunga, shamba halipo. Na nilisema “zinafungwa.” Zi-na-fungwa.

— Ngeli imekuponza, — akasema Mwalimu kwa furaha ambayo hakuificha. — Umemhukumu mtu asiyekuwepo, ukampa na mapacha.

— Eti mapacha! — Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa. — Na mimi nilishaanza kuwahurumia!

Mtu mwingine angeona haya. Redio alikunywa funda moja, akageuza gia.

— Haya, ni mashine. Sasa kwa nini wazifunge? Mimi nitakwambia. Zimejaa. Levo, umelima miaka mingapi humo?

— Saba.

— Miaka saba unavuna mahindi, na huli, na huuzi sokoni. Yanakwenda wapi? Yako humo humo kwenye mashine! Zidisha na watu wote duniani wanaolima. Ghala limefurika.

— Mahindi yale ni picha, — akasema Mwalimu. — Picha haijazi ghala. Tatizo ni umeme. Chukua nyanya moja, inang'aa, inatikisika na upepo. Inakula umeme kidogo, tuseme robo ya taa. Levo, una nyanya ngapi?

— Mia mbili, mia mbili na kitu.

— Basi wewe peke yako ni taa hamsini, mchana na usiku. Nikiwa mimi ndiye mwenye kampuni ningekufunga wewe mwenyewe.

— Na hizo mashine wanazificha chini ya ardhi, — Redio akaongeza. — Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo haihusiani hata kidogo.

— Inahusiana, Mwalimu. Fundi wao akitaka kuzitengeneza anainama.

Shangazi yeye aliona wote wanazunguka mbuyu. Aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga.

— Nyie wanaume hamna akili. Huo ni unyang'anyi wa ardhi. Nimeuona kwa macho yangu, babu yangu alifanyiwa hivyohivyo. Unakaribishwa, karibu, lima tu, pori hili. Unafyeka, unang'oa visiki, unatia mbolea. Shamba likishanawiri, mwenyewe anajitokeza: toka. Levo, wamekupa eneo jingine?

— Sehemu ya pili. Ila unaanza upya, porini.

— Umeona? Porini! Ukasafishe tena! Na hati ulipewa?

— Hati ya nini, Shangazi? Gemu?

— Umekaa miaka saba hujaomba hati! — Shangazi akashika kichwa. — Mtoto wa watu umekwisha.

Wakacheka wote, na Levo akacheka nao, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya cha wenzake. Mwalimu, ambaye miaka thelathini alikuwa akitazama nyuso zinazojifanya zimeelewa, alimwona.

— Lakini mpya si unayo? — akamuuliza polepole. — Uliisubiri kwa hamu. Nini kinakuuma?

Levo hakutaka kusema. Ni mtu wa kuongea kutwa juu ya gemu, na juu ya nafsi yake haongei hata neno. Ila jambo lenyewe lilikuwa limemlemea tangu Jumatano, na pale benchini hakuna aliyewahi kumcheka kwa jambo la kweli.

— Ninalima na dada yangu, — akasema.

— Yule mliyekosana? — Redio akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

— Huyohuyo.

Dada yake ndiye mkubwa, na ndiye aliyembeba mgongoni. Anakaa mji mwingine, mwendo wa siku mbili. Mama yao alipougua, dada alitaka amchukue kwake, kwenye hospitali kubwa. Levo akakataa, kwa kuwa mama mwenyewe alisema hatoki kwenye kitanda chake. Mama akafariki. Siku ya tatu baada ya mazishi dada akasema neno, Levo akajibu neno, na tangu siku hiyo simu haikupigwa tena, si kutoka huku wala kule. Miaka mitatu.

— Gemu tulianza zamani, mama akiwa hai, — Levo akaeleza. — Nilimpa mashine yangu ya kwanza ya kuchezea, nikamfundisha. Anaingia Jumamosi asubuhi tu, kabla hajaenda kazini. Baada ya ule ugomvi nilijua hatarudi. Jumamosi ya kwanza nikaingia, nikakuta nyanya zangu zimemwagiliwa. Na ufunguo wa geti tunao wawili tu.

Shangazi akamjazia kikombe. Levo akaendelea.

— Nikasema, haya. Nikaenda nikapalilia maharage yake. Wiki iliyofuata nikakuta maboga mawili mlangoni kwangu. Tumekwenda hivyo miaka mitatu. Mtu wake mle kwenye gemu ana kofia ya njano, wangu ana ya bluu. Tunapishana kwenye matuta, tunalima, tunaondoka. Kuna kibao cha kuandikiana ujumbe pale getini, na hatujawahi kuandika hata herufi. Sasa hii mpya haiingii kwenye mashine yake, ni ya zamani mno. Kwa hiyo ndiyo basi.

— Yaani mmenuniana na mnalima pamoja? — Redio akauliza.

— Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, — akasema Shangazi taratibu, — wakipatana shika kapu ukavune.

— Methali hiyo maana yake mtu wa nje asiingilie, — akasema Mwalimu. — Haikukusudia wenyewe ndugu wakalime.

— Kwani wamefanya nini? Si wamelima?

Mwalimu akanyanyua kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu akanywa funda bila kulipima.

Basi kijiwe kikaingia kazini, maana mwenzao alikuwa na shida. Redio akapendekeza waandike barua ya malalamiko, wateja wake wote waitie sahihi, hata wale aliowaambia habari za mapacha. Mwalimu akasema iandikwe kwa adabu na iambatane na hesabu, Levo apunguze nyanya ziwe hamsini ili kuokoa umeme. Shangazi akashikilia suala la ardhi: aliyekaa miaka saba hafukuzwi, lipo baraza, lipo na pingamizi. Redio akaona hilo la pingamizi ni zuri, akasema wachukue wakili mmoja mkali, amfungulie mashtaka Seva.

— Seva ni mashine! — wakamfokea wote.

— Ndiyo hivyo! Mashine haiwezi kujitetea, tunashinda siku ya kwanza!

Levo aliwasikiliza, na moyo ukamlegea kidogo, kwa kuwa ujinga wao ulikuwa ni upendo. Alikuwa ameanza hata kujiambia kuwa atazoea. Watu wanazoea makubwa zaidi. Alikuwa akijipa pole yeye mwenyewe, kwa Jumamosi zake yeye, na hakuwa ameliangalia jambo kutoka upande mwingine wowote.

Kumbe muda wote huo alikuwepo mteja. Mwanamke wa makamo mwenye sare nyeupe ya kazini, mto wa kiti uliochanika kwapani, amesimama mlangoni mwa karakana akisubiri fundi amalize kikombe chake. Alikuwa hajawahi kufika pale.

— Samahani, fundi, — akasema. — Nimesikia bila kukusudia. Na huyo dada yako, anajua kuwa linafungwa?

Kijiwe kizima kikamgeukia Levo. Levo akatazama kikombe.

— Wametoa tangazo, — akasema Redio.

— Wapi? — akauliza yule mama.

Kwenye ukurasa wa habari za gemu. Huko ndiko walikolitoa, na kwenye barua pepe ambayo dada yake hajaigusa tangu siku Levo alipomtengenezea. Nani anasoma habari za gemu? Yeye, Levo. Dada hata kupunguza sauti ya mashine hajui, jogoo wa kwenye gemu akiwika huifunika mashine kitambaa. Hajui lolote. Kesho asubuhi atawasha, ataishika njia ya shamba kama kawaida yake, na getini atakuta maneno. Levo aliyajua maneno yenyewe. Kampuni hiyohiyo mwaka jana ilifunga gemu yao ya uvuvi, na hawakuandika kwamba gemu imekwisha, wala kwaheri. Waliandika mstari mmoja: Huruhusiwi kuingia hapa.

Na siku ile ya tatu baada ya mazishi, amesimama mlangoni mwa nyumba ya mama yao, yeye mwenyewe alimwambia dada yake: “Toka. Hapa usikanyage tena.”

Atadhani ni mimi, Levo akawaza. Atasema, “Amenifungia geti.”

— Hajui, — akasema.

Shangazi alinyanyua birika ili amwongezee mtu, likatoa matone mawili na machicha.

Levo akatoa simu. Namba ilikuwepo, imeandikwa “Dada” na hakuna kingine, na ilikuwa imeshuka chini kabisa, chini ya wauza sponji wote. Akabonyeza. Hakuinuka kwenda pembeni. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tano. Ikapokelewa.

— Nani amekufa? — ndilo lilikuwa neno la kwanza la dada yake.

— Hakuna, dada. Hakuna aliyekufa.

— Usinifiche.

— Wallahi hakuna. Ni mimi tu nimepiga. Dada, shamba wanalifunga leo usiku. Kampuni. Kesho ukifika litakukatalia kuingia. Si mimi. Nimepiga ujue kwamba si mimi niliyefunga.

Upande wa pili kikasikika kiti kinavutwa, mtu anakaa, anashusha pumzi ndefu. Levo akangoja, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Alikuwa tayari kwa lolote: matusi, kukatiwa, hata yale maneno ya siku ile yarudi yote.

— Umekula? — dada yake akauliza.

Levo alitaka kujibu kwamba amekula. Fundi mzima, ndevu zote zile, akafunika uso kwa kiganja chenye gundi, akalia mbele za watu.

— Bado, dada, — akasema alipoweza. — Bado sijala.