Wasifu wa Bi Futi, Mkaguzi wa Mabango Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikizia dada yetu, wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, kwa idhini ya shemeji na watoto. Yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kupaka mafuta, kwa hiyo hayamo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, mtaa wa stesheni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa mchora vibao vya maduka, na binti huyu alikua na harufu ya rangi puani. Kusoma alijifunza kwenye vibao hivyo kabla hajapelekwa shule. Neno lake la kwanza lilikuwa IMEFUNGWA. Kwa wiki nzima aliliandika kwa chaki kila alipofika, mpaka mama akalikuta kwenye mfuniko wa sufuria na kumwambia, “Haya, leo utakula hicho kibao.”

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana, na Novemba 1979 akapata cheti cha uchoraji ramani katika chuo cha ufundi. Tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya mipango miji, na baadaye akawa mkaguzi wa mabango. Mkoba wake haukukosa futi kamba ya kupimia, na hapo ndipo jina la Bi Futi lilipotoka.

Mumewe alimpata akiwa juu ya ngazi. Alikuwa fundi umeme kijana, anafunga taa kwenye kibao cha duka la dawa kilichojitokeza mpaka katikati ya njia ya miguu. Marehemu alimwambia akishushe.

“Dada, nikikishusha tajiri atanifukuza.”

“Usipokishusha wewe, kitamshukia mtu kichwani.”

Alikishusha, naye marehemu akamshikia ngazi. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Sasa tufike mahali ambapo familia iliombwa ipite harakaharaka. Hatutapita haraka.

Agosti 2011, kamati ya madiwani ilipitisha maazimio mawili katika kikao kimoja. La kwanza: vibao vyote vidogo vya mafundi, vinyozi na wauza vitabu viondolewe ndani ya siku saba, kwa kuwa ni uchafu wa macho. La pili: bango lenye urefu wa mita kumi na mbili lisimamishwe kwenye kona ya soko, hatua chache kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Marehemu alikwenda kwenye kona ile na kupima. Akaandika kurasa mbili kwamba bango likisimama pale, dereva hatamwona mtu anayevuka mpaka awe amemfikia. Kisha akaziweka mezani.

“Bi Futi,” mwenyekiti wa kamati akamwambia, “hilo bango linapendezesha mji. Tia saini tukanywe chai.”

“Mwenyekiti, kibao cha fundi kina ukubwa wa mlango wa kabati, mnakiita uchafu. Hili linaloficha watu barabarani mnaliita pambo.”

“Kazi yako kupima. Kuamua ni kazi yetu.”

“Basi amueni, na saini mtie wenyewe.”

Wakatia. Jumatatu iliyofuata akahamishiwa stoo ya karatasi na wino. Jioni ya siku ya kikao alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, mumewe akamuuliza ameshika nini. Akamjibu, “Sijashika kitu. Nimekaa nao meza moja.”

Tarehe 6 Oktoba 2011, saa tatu asubuhi, kwenye kivuko kile, gari la mizigo lilimgonga fundi cherehani, mama ambaye kibao chake kilikuwa kimeng’olewa mwezi mmoja nyuma. Dereva alisema alichokiona ni uso mkubwa kwenye bango, unaocheka na dawa ya meno. Fundi alikatwa mguu wa kushoto.

Uchunguzi ulipoanza, ripoti ya marehemu haikuwemo kwenye faili. “Labda panya,” karani akasema. Marehemu alikuwa na nakala. Aliingia kwenye kikao bila kuitwa, akaisoma yote akiwa amesimama, kuanzia tarehe mpaka nukta ya mwisho. Bango likashushwa miezi minne baadaye, na kamati ileile, kwa mikono ileile, ikatoa kibali tangazo jipya la kampuni ileile libandikwe kwenye ukuta wa hospitali, likiziba madirisha ya wagonjwa.

Kuna watu humu watasema msibani si mahali pake. Lakini jambo hili lilimtia kinyaa mpaka mwisho, na ukilitoa, aliyebaki si yeye. Alistaafu Machi 2019 bila kurudishwa kwenye ukaguzi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 3 Mei 2024 alilazwa ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Aliamka adhuhuri akakuta taa zinawaka.

“Binti, kwani usiku?”

“Mchana, mama,” muuguzi akamjibu. “Ni tangazo la nje. Sisi tumeshazoea.”

“Hilo la kuzoea ndilo baya zaidi,” marehemu akasema, akageuza uso.

Mumewe na muuguzi huyo walisukuma kitanda mpaka upande wa pili wa wodi, kwenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Hapo alikaa siku kumi na nane, akiyasifu mashuka yale. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana halmashauri ilileta bango la rambirambi. Picha ya mwenyekiti ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu. Shemeji alilikunja mwenyewe akamrudishia dereva aliyelileta. “Baba, wape salamu,” akamwambia. “Waambie limefika, na tumelikataa.”

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo wawili. Ameacha pia rafiki, fundi cherehani aliyekaa safu ya pili na mkongojo wake. Gauni alilovaa dada leo amelishona yeye, bila kuombwa na mtu.

Dada, lala salama. Hapo tutakapokulaza tumepatazama pande zote: ni peupe.