Kiti cha Njano Mbele ya Nyumba ya Bi Odessa

Benchi letu liko nje ya duka la kahawa la Dolores, pale barabara inapoanza kupanda kilima. Ukiketi hapo unaona mto chini, na kando ya mto kile kilichobaki cha kiwanda cha chuma: mabomba ya moshi yasiyotoa moshi na ua uliomezwa na magugu. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya Bi Odessa Pettigrew. Asubuhi ile ya Julai tulikuta pikapu nyeusi ya mwanawe Tavarus haipo, na mahali pake, barabarani, kimewekwa kiti cha jikoni cha njano. Kwetu kiti barabarani kinatosha kuwa maneno. Kinasema mahali hapa pana mwenyewe na mwenyewe anarudi. Desturi ilianza na theluji: ukishaiondoa kwa beleshi mpaka kiuno kikagoma, pale ulipopasafisha ni pako, na kiti ndicho shahidi. Hakuna sheria ya jiji inayosema hivyo, lakini mpaka asubuhi ile nilikuwa sijapata kuona mtu akigusa kiti cha mwenzake, iwe baridi au joto. Hata polisi hukizunguka.

Siku yenyewe haikuwa ya kawaida. Kambi ya mazoezi ya timu ya jiji ilikuwa inafunguliwa, na kila mchezaji alitakiwa awe ndani ya lango kabla ya jioni. Tavarus alikuwa amesema haripoti mpaka mkataba wake uandikwe upya. Klabu nayo ilikuwa imesema kwamba asiyeripoti, nafasi yake atapewa mwingine. Huyu ni mtoto wa kilima hiki, na ndiye ukuta wetu wa kushoto katika mpira huu wa Kimarekani wa kofia ngumu. Kazi yake ni kusimama upande ambao mrushaji hauoni na kuyazuia majitu yanayokuja kumvunja mgongo. Anamaliza mwaka hajaugusa mpira. Siku akikosekana ndipo watu wanakumbuka kuwa alikuwepo.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Honi. Jina lake Stush Wojnar, lakini benchini ni Honi, kwa sababu kila mwaka Tavarus anapotoka kwa mama yake kwenda kambini, Stush huingia ndani ya gari lake kuukuu akabana honi bila kuiachia, na kilima kizima kikamfuata. Mwaka huu alikuwa amelipeleka gari kwa fundi ili honi itengenezwe tu. Injini aliiacha na kikohozi chake.

— Kiti kinasema anarudi, alisema Honi. Anarudi wapi? Wenzake wako njiani kwenda kambini, yeye anarudi kwa mama.

— Hayupo huyo, ameshakwenda, alisema Gazeti.

Gazeti ni Clyde Battle, fundi umeme mstaafu, ambaye huanza kusoma gazeti kwa matangazo ya vifo, halafu michezo, halafu hali ya hewa, na kufikia hapo huwa ana maoni juu ya vyote vitatu.

— Ameondoka alfajiri, barabara ya nyuma, aliendelea. Mtu aliyeshindwa hapendi kupigiwa honi.

— Na kiti?

— Geresha. Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Si amejificha?

Honi hakukubali. Kwa maoni yake Tavarus alikuwa Cleveland, kwa mahasimu wetu, ameketi ofisini na kiyoyozi kinampuliza, anaulizwa anapenda jezi namba gani. Gazeti akasema hilo haliwezekani, kwa maana goti alilopasuliwa majira ya baridi lina kipande cha chuma, na yeye amesikia kwa mtu anayejua kwamba chuma chenyewe kilifuliwa hapa hapa kwetu, zamani, kabla kiwanda hakijafa. Ndiyo sababu klabu inaogopa kumwandikia mkataba mrefu: inaogopa kutu.

— Kama chuma ni chetu, alisema Honi, basi goti ni letu, na liende kambini.

Hapo Polepole akaweka kikombe chini. Huyu ni Emil Hudak, ambaye koili, msokoto mzito wa chuma, lilimkanyaga mguu kiwandani tukiwa vijana, na tangu hapo kila kitu chake, kutembea na kusema, huja kwa zamu. Alisema kwamba, kwa kufikiri kwake, Tavarus yumo ndani, chini kwenye chumba cha boila, kando ya kijidirisha kile kinachotazama barabara, anasikiliza nani anamsema vipi, ili siku akirudi uwanjani ajue atakayempungia mkono na atakayempita.

Tulikitazama kijidirisha. Gazeti, aliyekuwa amesema mengi, akasogeza miguu yake upande wa pili wa benchi.

Nimeketi na watu hawa miaka mingi, na nimejifunza kwamba uwongo wao mwingi ni njia ya kulizunguka jambo moja wasilotaka kulikanyaga. Asubuhi ile jambo lilikuwa hili: kila mmoja wetu alikuwa na hofu kwamba Tavarus hatarudi tena kuwa wetu, na hakuna aliyejua kama hofu hiyo ilikuwa ya kumpenda yeye au ya kujipenda sisi.

Dolores akatoka na birika na sahani ya donati za jana. Honi hakugusa donati, na hapo nikajua mambo yamezidi.

— Mimi nasema hivi, alisema. Alisaini. Bado mwaka mmoja kwenye karatasi aliyoisaini kwa mkono wake. Mtu mzima akisaini amesaini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ainame vipi na goti lile? aliuliza Polepole.

— Usinichekeshe, Emil. Nina misimu mingapi mimi iliyobaki ya kutazama? Huu ndio mwaka wetu. Mrushaji tunaye, wakimbiaji tunao, tumekosa ukuta. Kwa sababu ya mtu mmoja na ukaidi wake.

Alilisema hilo la misimu kwa sauti ya chini, na Gazeti akakunja gazeti lake kwa heshima. Ni kweli kwamba Stush amezeeka. Ni kweli pia kwamba mtu anaweza kumuumiza mwenzake kwa sababu tu jua lake mwenyewe linazama.

Polepole alikunywa, akafuta masharubu, akakunywa tena.

— Stush, alisema. Ndugu yako Tadek hajambo?

Kila mtu kilimani anajua habari ya Tadek. Mwaka wa mgomo mkubwa, Stush alisimama nje ya lango la kiwanda majira yote ya baridi, akiota moto wa pipa, mpaka kope zikaungua. Tadek, ndugu yake wa tumbo moja, alivumilia mpaka Krismasi, halafu alfajiri moja akapita katikati yao akaingia kazini. Wanasali kanisa moja mpaka leo. Wakati wa kupeana amani, Stush huinama kufunga kamba za viatu.

— Hilo halihusiani, alisema Honi.

— Nimemuulizia hali yake tu.

— Sisi tulikuwa watu wa njaa. Huyu ni tajiri. Anapata kwa wiki nilichopata mimi kwa maisha.

— Ni kweli, alisema Polepole. Na mimi mguu ulipokwenda, karatasi ya fidia tuliyogoma ili iandikwe ndiyo iliyonilisha. Bila mgomo ule nisingekuwa na hata ya kahawa hii. Sijui matajiri wanaumwa vipi magoti, Stush. Pengine yanauma kwa lugha yao.

Gazeti alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Honi alisimama. Alivuka barabara pasipo kutazama gari, akafika kwenye kiti cha njano, na kabla hatujaelewa anachotaka, alikuwa amekishika kwa mgongo na kukiinua.

— Kama hana nia ya kucheza, alisema akitugeukia, basi na wengine wapaki.

Nimeona mambo mengi katika barabara hii. Nimeona nyumba ikiungua, nimeona bibi arusi akishuka kilima kwa kitako siku ya barafu. Mtu kukiinua kiti kisicho chake, hilo nililiona mara ya kwanza siku hiyo. Gazeti alisimama nusu, akabaki hivyo, kama mtu aliyesahau alichoinukia.

Mlango wa barazani ukafunguliwa, Bi Odessa akatoka. Ni mwanamke mfupi, aliyepika katika jiko la shule mpaka kila mtu wa chini ya miaka hamsini hapa akawa anamwogopa kidogo. Alikuwa na taulo la vyombo begani.

— Habari za asubuhi, Stanley, alisema.

Mtu pekee anayemwita Stanley ni yeye, na padri.

— Bi Odessa, alisema Honi. Sina ugomvi na wewe.

— Nakuona. Una ugomvi na kiti.

— Mwambie mwanao aende kambini. Bado muda upo. Nafasi yake watampa mwingine, na nafasi ikishakaliwa imekaliwa.

— Nimemwambia hivyo usiku kucha, alisema Bi Odessa.

Hilo hatukulitegemea. Honi naye hakulitegemea. Mikono yake ilishuka kidogo, na miguu ya kiti ikagusa magoti yake.

— Nilimwambia, mwanangu, nenda, watakuchukulia mahali pako. Akaniambia, mama, wamelipasua goti langu kwa ajili yao, na sasa nimewaomba neno moja tu: likivunjika tena nikiwa kazini kwao, wasinitupe. Fedha waache vilevile. Waliandike hilo tu. Wamekataa kuliandika. Kwa hiyo haendi. Jioni itapita, lango litafungwa, nafasi itakwenda kama ni ya kwenda, na yeye haendi. Nimelia. Halafu nikaamka nikamkaangia mayai, kwa sababu mtu aliyekata shauri anahitaji kula.

— Basi yuko wapi? aliuliza Gazeti kutoka upande wetu, kwa sauti ya mtu anayetaka nadharia zetu zihukumiwe. Cleveland?

Bi Odessa alimtazama Gazeti, halafu akamrudia Honi, naye sura yake ikabadilika. Haikuwa na hasira tena. Ilikuwa sura ya mtu anayetafuta njia ya kusema jambo bila kumwaibisha mwenzake mbele za watu, na haioni.

— Stanley, leo siku gani?

— Alhamisi.

— Mkeo Wanda alikuwa na miadi ya macho leo.

Honi aligeuka kutazama upande wa nyumbani kwake.

— Alisimama barazani kwenu na mkoba wake, alisema Bi Odessa. Alikungoja. Tavarus, akitoka kukimbia, alimwona. Wewe ulikuwa umeshakuja huku benchini na funguo zako za gari mfukoni. Amempeleka yeye. Wakishamtia dawa ya macho haoni vizuri, kwa hiyo nikaweka kiti, ili akirudi ashukie hapa hapa, nimkokote mwenyewe mpaka mlangoni kwenu. Akishushwa kule juu kanisani ataanguka kwenye ngazi.

Honi aliingiza mkono mfukoni, kiti kikiwa kimening'inia kwenye mkono mwingine. Tulisikia funguo. Hakuzitoa.

Wakati huo gari dogo la buluu lilikuja polepole kutoka chini. Tulilijua kwa sababu lilikuwa limekwisha kutuzunguka asubuhi ile likitafuta pa kusimama. Ndani yake alikuwa yule binti mgeni, muuguzi, aliyepanga ghorofa ya juu ya duka la zamani la dobi mwezi uliopita. Hata jina lake tulikuwa hatujaliuliza. Alikuwa bado na sare za hospitali na macho ya mtu aliyekesha. Alisimama sambamba na Honi, akateremsha kioo, akatazama nafasi tupu, kisha kiti, kisha mzee aliyekishika. Alikuwa ameshafundishwa desturi yetu na mwenye nyumba wake, maana aliuliza kwa adabu kabisa.

— Samahani, mzee wangu. Hicho kiti unakitoa, au unakiweka?

Swali lilikuwa jepesi. Anayetoa kiti na anayeweka kiti hukishika namna ileile, na aliyefika sasa hivi hawezi kujua. Honi alimtazama binti. Alitutazama sisi. Gazeti alikuwa ameanza kusoma hali ya hewa. Emil alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe chake. Mimi nilitazama mto. Bi Odessa alikuwa amekunja mikono juu ya taulo, na hakumsaidia.

Binti alingoja, kwa subira ya watu waliozoea kungoja wagonjwa waseme panapouma.

Kisha Stush akashusha macho. Joto la Julai lilikuwa limelainisha lami, na pale kiti kilipokuwa kimesimama palikuwa na vishimo vinne. Alivitafuta kwa ncha ya kiatu, akavipata, akakirudisha kiti ndani yake, mguu kwa mguu. Alikitikisa kuona kama kimekaa. Halafu akakikalia, pale pale barabarani, uso ukielekea upande gari zinakotoka.

— Jaribu juu kule kanisani, binti, alisema. Ukikosa, rudi uniambie, nitakutolea gari langu uingie.

Gari la buluu likapanda kilima. Dolores alitoka akatikisa birika ili tusikie kwamba halina kitu, akasema kahawa imekwisha mpaka kesho. Kwa kawaida hapo ndipo tunaponyanyuka. Hakuna aliyenyanyuka isipokuwa Emil. Alichukua kikombe chake, ambacho kilikuwa kimebaki nusu, akavuka barabara kwa mwendo wake ule, mguu mmoja ukiuvuta mwingine, akampa Stush.

Stush akanywa.

— Lango la kambi wanafunga saa ngapi?

— Jioni, alisema Emil. Kumi na mbili.

— Nitakaa naye mpaka lifungwe, alisema Stush.