Ujumbe wa Maji ya Nzoia

Katika gari la kutoka Busia kwenda Malaba, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: Mama Auma wa Rukala, aliyekuwa akienda kumwona binti yake, na Mzee Osukuku, aliyekuwa akirudi kwake na hasira juu ya masomo.

"Kijana wangu ana digrii na anaendesha bodaboda," mzee alisema. "Hiyo masomo imemsaidia nini?"

"Mimi nimeanza kusoma nikiwa na wajukuu, mzee," mama akajibu. "Wenzangu sokoni walinicheka. Juzi mvua ikinyesha, ujumbe ukaingia kwa simu. Zamani ningengoja watoto watoke shule wanisomee. Sasa nikasoma mwenyewe: Mto Nzoia unafurika, hameni. Nikaita majirani, tukabeba watoto, tukapanda mahali pa juu. Kufika jioni, nyumba yangu ilikuwa ndani ya maji. Lakini watu wote tulikuwa hapo, hata yule jirani aliyekuwa ananicheka sana, na mtoto wake mgongoni."

Mzee alishusha pumzi kana kwamba watoto wale ni wake. "Mungu ni mkubwa," alisema. Kisha akakumbuka kwamba walikuwa wanabishana. "Lakini huko ni kusoma tu, mama. Si digrii."

"Na digrii inaanzia wapi?"

Gari likasimama Malaba. Mzee akambebea mama kikapu chake, wakashuka, na nikamsikia akianza upya: "Sasa sikiliza, mama..."